Picha Yako Imemliza Mama

Msambweni, 9 Februari 1998

Kaka yangu Boga,

Shikamoo, na wifi Helga msalimu sana. Sisi wazima, ila mvua imebeba choo cha jirani.

Picha yako imefika. Mama alipoona suruali inavyokupwaya, alilia hadi majirani wakaleta mikeka wakidhani tuna matanga. Nikamweleza kuwa madaktari wa huko Ujerumani wamekupasua na kukupunguza tumbo, sukari ikashuka, na sindano umeacha. Hakusikia. "Yule mzungu hampikii mwanangu!" Sasa ananenepesha mbuzi wa kukupokea ukija, na shangazi zetu watatu kila mmoja ameapa kukupikia wali wa nazi. Ukila wa mmoja ukaacha wa mwenzake, hawatazikana.

Nilikuwa na hila. Ungeketi karibu yangu, ukamega matonge yako mawili, na Mama akigeuka mimi ningemaliza sinia. Umbo langu unalijua, hakuna ambaye angeshangaa.

Lakini wali nami nimekatazwa. Kile kidonda cha mguuni kilikataa kupona, wakanikata kidole. Mama nimemwambia ni jembe. Usimwambie kuwa ni sukari.

Kwa hiyo usije peke yako. Mlete wifi, na kwenye ndege asile kitu, sinia zote tatu ni zake. Na kabla hujaondoka, muulize daktari wako, kama vile unamuulizia mtu mwingine tu, iwapo na matumbo ya wanawake huyapunguza.

Mdogo wako akupendaye,
Mejumaa