Baba ya Mpenzi Wangu Alitafuna Chambo Changu cha Mpira, na Sasa Anataka Kingine

Mshauri Gladwell, nisaidie kabla mwisho wa mwezi haujafika, na kabla hujaanza kunicheka nakuambia wiki hii nimelala vizuri mara ya kwanza, kwa hivyo hii si barua ya mtu analia, ni barua ya mtu ametoka shimoni na amebakisha mguu mmoja ndani.

Niite Nthiga, si jina langu, hapa Gachoka nikijulikana nitahama. Niko na miaka ishirini na tatu, shule niliachia kidato cha pili kwa sababu mimi na hesabu hatukusikizana, lakini ukiuliza kando ya bwawa ni nani anavua samaki bila mashua, bila nyavu na bila kulowa hata soksi, utaonyeshwa mimi, si kujisifu. Hii kazi nilijifunzia Mombasa nikiwa kibarua wa mjengo, pale Makupa ambapo bahari imeingia katikati ya mji, kuna wanaume husimama kwa mawe na fimbo nyembamba wakirusha visamaki na minyoo ya mpira, laini, inatingisha mkia ndani ya maji utafikiri iko hai, na samaki wa kweli anadanganyika anauma. Nikarudi nyumbani na fimbo moja na pakiti mbili za mpira, watu wakanicheka, "Nthiga, samaki wa hapa amekataa mnyoo wa kweli, wewe unamletea wa plastiki?" Wiki ya pili waliacha kucheka wakaanza kuja na sufuria.

Samaki wengine napeleka Nchiru kwa hosteli za wanafunzi, na huko ndiko nilipata mpenzi wangu, tumuite Kaari, anasomea ualimu, alikuja kununua tilapia akaniambia tilapia ana macho mazuri kuniliko, nikajua huyu ni wangu. Tumekuwa pamoja mwaka mmoja na nusu, mpaka mwezi uliopita akasema wazazi wake wa Laare wanataka kuniona. Baba yake, Mzee Mbaabu, ni mkulima wa miraa, na tangu azaliwe hajawahi kuonja samaki, kwao zamani samaki alihesabiwa ndugu ya nyoka. Sasa mimi na huu mdomo wangu nikamwambia Kaari, "Babako atakula samaki siku hiyo na ataomba nyongeza." Kaari akaniambia, "Nthiga, wewe peleka sukari na unga kama watu wengine." Nani anasikia?

Asubuhi ya safari nikaenda bwawani nikarusha mnyoo wa kijani, mrefu kama kidole changu cha kati, kambare akauma, yule samaki wa ndevu, nikavuta, nikapata ndoano tupu, mpira ameng'oa ameenda nao. Nikafunga mwingine wa rangi ya chungwa nikarusha palepale, na yule mlafi akarudi, nikamtoa nje, mshauri, urefu wake ni kama mkono wangu kutoka bega. Nilijua ule wa kijani uko tumboni mwake. Kila siku samaki nampasua hapo hapo kando ya maji, natoa mpira wangu, naosha, narudisha kwa pakiti, lakini huyu nilitaka afike Laare mzima na ndevu zake ili waone ukubwa, nikasema nitampasulia huko.

Nilifika, wakashangaa kweli, Mzee Mbaabu akazunguka ile beseni mara mbili akasema, "Huyu ana ndevu kuniliko, huyu ni rika langu." Nikaomba nimpasue, nikashika njia ya jikoni, mama yake Kaari akanisimamisha mlangoni. "Mgeni wa kiume anatafuta nini jikoni kwangu? Kaa na wazee." Nikasema nataka tu kumsafisha samaki, akasema yeye amechinja kuku na mbuzi tangu nikiwa sijazaliwa, samaki ni nini. Kaari naye alikuwa ametumwa sokoni kuleta soda. Ningesukumana na mama mkwe siku ya kwanza?

Sasa sikia vile mambo yalienda, nilivyokuja kuelewa baadaye. Mama hajawahi kupika samaki, anajua mbuzi, na kwa mbuzi kila mtu ana kipande chake, mwenye boma hawezi kupewa tu chochote mgeni akiangalia. Alitoa matumbo akatupa, lakini akapata kile kifuko cha tumbo kimejaa, kimekaza, akafikiri ni mutura, ule utumbo wa mbuzi hujazwa nyama, ila hii Mungu ameijaza mwenyewe. Akaiosha, akafunga ncha kwa uzi, akaichemsha na nyanya na dania, akaileta mezani peke yake kwa sahani.

"Baba Kaari, hii ni yako."

Mzee akakata. Kijani ikatokea. Hapo alikuwa yeye, Kaari ambaye alikuwa amerudi na soda, jirani yao Mzee Kinoti, na mimi, ambaye roho ilikuwa imeshaondoka imerudi Gachoka kwa miguu.

"Kijana, hii ya kijani ni nini?"

Mshauri, mdomo wangu ulijibu kabla sijauuliza. "Ni mafuta yake, Mzee. Hupewa wakubwa."

Akaweka mdomoni. Alitafuna, nakuapia, dakika tatu nzima, taya likienda polepole, macho yake kwangu, na mimi macho yangu kwa kalenda ya kanisa iliyokuwa ukutani.

"Ni ngumu kidogo," akasema.

"Ndiyo Mzee, huyu samaki alikuwa ameishi sana."

"Mm." Akatafuna tena, akashushia na chai, ikaenda. "Ni tamu."

Mzee Kinoti akanyoosha mkono. "Nikatie na mimi."

"Yako ni mkia," Mzee Mbaabu akamwambia, na akamaliza yote.

Tangu siku hiyo sikulala. Nilijua ndoano haikuwa ndani, ndoano nilibaki nayo mimi, lakini mpira ni mpira, nikaona matanga, nikajiona mimi ndiye nimemuua baba ya mtu na minyoo ya Mombasa. Nilimpigia Kaari asubuhi, mchana na jioni, babako amekula? babako amelala? babako ameenda choo? mpaka akaniuliza, "Nthiga, unampenda nani, mimi ama baba?" Siku ya pili nikapata akili, nikamwambia, "Mpeleke apimwe presha, wazee wa siku hizi ni presha." Akapelekwa, akapimwa, daktari akasema huyu ana presha ya kijana. Siku ya nne mama yake akalalamika kwa simu kwamba mzee yuko juu ya mti wa miraa anaimba na amekataa kushuka kula. Mshauri, nilipiga magoti kando ya bwawa nikashukuru Mungu, halafu nikakumbuka mamba, nikasimama haraka. Sasa ni wiki ya tatu, mzee ni mzima kama jiwe, na mimi nimeanza kunenepa tena.

Lakini juzi amenipigia simu yeye mwenyewe. Amesema Jumamosi ya mwisho wa mwezi amealika wazee wenzake wanne, niende na watu wangu tujulikane rasmi, na niende na samaki. Maneno yake ni haya: "Kijana, wewe si mbaya. Lete tena na ile mafuta ya kijani. Lakini siku hiyo utakula wewe kwanza, mimi nitakuangalia." Kaari anasema hiyo ni heshima kubwa, baba yake hajawahi kumwambia mtu ale kwanza.

Sasa nimefikiria hivi. Naweza kuchemsha terere, ile mboga ya mchicha, niisage, niisokote kama mnyoo, niiweke ndani ya tumbo la samaki, kijani ni kijani. Ama ninyamaze niseme huyu wa sasa hakuwa na mafuta. Ama niseme ukweli nimpoteze Kaari, na Kaari, mshauri, hapo sichezi, huyo simpati kwingine. Mimi naona terere iko sawa, lakini nataka mtu amesoma aseme.

Ni mimi, mvuvi asiyelowa, Gachoka.

MSHAURI GLADWELL ANAJIBU

Nthiga, nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuuliza kama kuna habari mbaya. Nimemaliza. Nafurahi Mzee Mbaabu ni mzima, nafurahi unalala, na nafurahi kwamba kijana wa Gachoka amejitafutia kazi yake mwenyewe na inamlisha. Hayo yote nimekupa. Sasa keti.

Kuvua kwa mpira si kosa. Kufukuzwa jikoni si kosa lako pia, ingawa samaki aliyepasuliwa bwawani hangehitaji jikoni ya mtu. Kosa lako lina sekunde mbili. Mwenye nyumba alikuuliza swali moja, akiwa bado hajaweka kitu mdomoni. Ungesema, "Mzee, weka chini, huo ni mpira wangu wa kuvulia," na leo hiyo ingekuwa hadithi ya kuchekesha watu harusini kwako. Ukachagua kumwacha mtu mzima ameze plastiki ili wewe usionekane mjinga. Halafu ukamtuma apimwe presha! Presha hupimwa kwa mkono, Nthiga. Mkononi hakukuwa na mpira.

Tena mimi nimesoma barua yako mara mbili, wewe inaonekana hukuisoma hata mara moja. Huyu ni mkulima wa miraa wa Laare. Maisha yake yote anatafuna, na chingamu huenda pamoja na miraa kama chai na mkate. Unafikiri mtu kama huyo hajui mpira ukiwa katikati ya meno yake? Alikutafunia dakika tatu akikutazama usoni, na wewe unasoma kalenda. Jirani alipotaka kuonja, alimnyima. Kwa nini amnyime rafiki yake kitu kitamu? Na sasa anakwambia ulete tena, ule wewe kwanza, yeye aangalie. Kaari anaita hiyo heshima. Mimi naona mzee anakupa nafasi ya kusema, na amekuwekea na tarehe.

Naweza kuwa nimekosea. Labda kweli alidhani samaki wote wana mafuta ya kijani. Basi ni vibaya zaidi, kwa sababu atawaandalia wenzake wanne kitu ambacho hakipo, na aibu itakuwa yake mbele ya rika lake, nyumbani kwake, kwa ajili ya uongo wako. Kwa njia yoyote ile, terere yako ipike ule na ugali huko kwenu.

Fanya hivi. Panda gari uende Nchiru umwambie Kaari uso kwa uso, usimtumie ujumbe wa simu. Atapiga kelele. Mwache apige, usimkatize, na usimchekeshe mpaka acheke mwenyewe. Halafu usingoje Jumamosi ya wageni. Nenda Laare kabla, na usiende peke yako, jambo kama hili halipelekwi kwa watu na kijana mmoja. Mchukue mjomba au baba mdogo, mtu ambaye anaweza kuketi na Mzee Mbaabu wakaongea. Usibebe samaki. Beba ile pakiti ya mpira. Mwekee mmoja mkononi, wa kijani, na sentensi yako ya kwanza iwe, "Baba, nilikudanganya." Hayo ya Mombasa na ya kambare mkubwa yatakuja baadaye, akiuliza.

Mkishamaliza, mwende naye hospitali, na daktari aambiwe ukweli: alimeza nini, kikubwa kiasi gani, siku gani. Kwamba anapanda miti akiimba ni habari njema sana, nami nimefarijika kama wewe, lakini wimbo si kipimo. Mama yake Kaari naye umwombe msamaha peke yake, kwa sababu alikupikia kwa heshima yote aliyoijua, na akijua alichochemsha ataumia kuliko mumewe.

Na kuanzia leo, mpira ukikatika, huyo samaki anapasuliwa palepale kando ya maji, hata kama ana ndevu za nabii. Wanafunzi wa Nchiru hawana baba wa kuwatafunia.

Unaogopa kumpoteza Kaari. Nimeielewa hofu hiyo, ndiyo sehemu pekee ya barua yako ambayo hujajisifu. Lakini fikiria vizuri ni mtu gani unayemwogopa. Mzee Mbaabu alikuwa mezani kwake, binti yake anatazama, jirani anatazama, na mgeni wake amejifunga kwa uongo hata hawezi kumtazama usoni. Angeitema ile kitu kwenye sahani, ungetoka Laare siku hiyo hiyo na usingerudi.

Nenda, Nthiga. Mtu anayetaka kukufukuza hamezi mpira kwa ajili yako.