Kidole cha Mama na Kalamu ya Simu

Jumatano, Kilosa

Bado nina hasira, hata ugali nimeuacha.

Leo nilimpeleka mama kujiandikisha kupata mbolea ya ruzuku. Kijana wa ofisini, ambaye hata shikamoo hakutoa, akamsogezea simu. "Bibi, saini hapa kwa kidole."

Mama akajaribu, kioo kikagoma. Vidole vyake vimeota sugu tangu enzi za kukata mkonge, ni vikavu, simu haivitambui. Akavifuta kwenye kanga, akajaribu tena. Wapi!

Nikauliza, "Hamna kalamu ya simu?"

Kijana akacheka. "Hayo mapambo tu. Kidole kinatosha." Akachora mstari wa ovyo yeye mwenyewe, akasema imekubali.

Kidole cha nani kinatosha? Chake, laini kama maandazi!

Mama alijifunza kuandika jina lake ukubwani, kwenye elimu ya watu wazima. Tangu hapo hakubali kuweka dole gumba popote. Halafu huyu mtoto...

Nyumbani nikachomoa kikalamu kilichokuja na simu yangu, nikampa mama pamoja na simu. Akaandika polepole jina lake lote, bila kukosea.

"Hiyo ndiyo saini yangu," akasema.

Kesho tunarudi na kalamu yetu. Na shikamoo ataitoa kwanza.