Jante Mpya za Carina

Songo, Uvira, tarehe 4 Machi 2023

Kwa Aimé,

Salamu zikufikie. Mimi niko, nakula na kulala. Mtoto wako Noella ni mzima, anakwenda shule. Wewe sijui. Mtu aliyekataa kazi ya ofisi niliyomtafutia kwa jasho langu, akaenda Mpulungu kuwa kwado, kuziba matairi ya malori ya watu, hawezi kuwa mzima sana.

Unapiga simu, sipokei. Mwana humwandikia baba yake, hampigii simu. Barua umpe Ndikumana wa boti, atanifikishia nyumbani.

Sababu ya kukuandikia ni hii. Nimefunga jante mpya, yaani rimu za magurudumu, kwenye gari yangu ya Carina. Ni za alumini, kubwa, kipimo cha kumi na saba. Zile za chuma zilizokuja na gari nimezitupa kwenye vyuma chakavu. Jumapili nilipoingia parokiani watu waliacha kusalimiana wakaangalia magurudumu. Kwa sasa nimezivalisha matairi mapana niliyopata sokoni, yaliyotumika kidogo. Nataka mapya, mapana vilevile. Kwa mara ya kwanza kazi yako inaweza kunifaa. Tuma manne, na maelezo ubaki nayo.

Mimi baba yako,
Sylvestre

*

Mpulungu, tarehe 15 Machi 2023

Baba yangu,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi sijambo, kazi ipo, namshukuru Mungu. Barua yako niliipokea kwa mikono miwili, na nimefurahi kusikia wote mko salama. Tangu mke wangu Fabiola afariki namwachia Noella mikononi mwako, na kila siku nakuombea kwa ajili hiyo.

Matairi manne nimempa Ndikumana. Najua umesema nisieleze, lakini nivumilie kidogo. Carina yako ilitengenezewa gurudumu dogo lenye tairi nene ubavuni. Jante ikiwa kubwa, ubavu wa tairi lazima upungue, ili gurudumu zima libaki na kimo chake cha zamani. Lisipobaki, tairi itasugua bodi kila ukikata kona au ukibeba watu. Na upana ukizidi ni hivyohivyo. Ndiyo maana nimekuchagulia haya: yanakaa sawa kwenye hizo jante, na namba yake ya mzigo inatosha gari lililojaa. Kwa mawe ya barabara zetu uyajaze upepo vizuri na uende polepole, maana ubavu mfupi haulindi jante.

Hayo ya sokoni, tafadhali angalia ubavuni. Kuna tarakimu nne zimeandikwa pamoja. Mbili za mwisho ni mwaka. Raba ikizeeka inapasuka hata kama meno bado yapo. Usimpakie Noella mpaka uyatoe.

Shule ikifungwa, mwezi wa saba, naomba ruhusa yako nije kumchukua tukae naye huku. Nimepata nyumba yenye chumba cha pili.

Mwanao anayekuheshimu,
Aimé

*

Songo, tarehe 2 Aprili 2023

Kwa Aimé,

Sisi wazima. Nadhani na wewe unapumua.

Matairi yako nimeyaona. Membamba kama ya baiskeli. Yaani unataka nipite mbele ya watu wa Songo na jante za namna ile nimezivalisha kamba? Nilimwambia Ndikumana ayachukue. Ameyaning'iniza ubavuni mwa boti, yanazuia isigonge gati pale Kalundu. Yamepata kazi yanayoiweza, kama mwenye kuyatuma.

Mwaka nimeusoma. Ni 2009. Mimi nimezaliwa 1954 na bado natembea.

Noella anapanda gari yangu kila asubuhi na ataendelea kuipanda. Habari ya kumchukua usiniandikie tena. Weye ulimwacha hapa kama mtu anavyoacha mzigo bandarini. Ukimtaka, uje mwenyewe, upige magoti mlangoni pangu, majirani waone, halafu nitafikiri. Noella ananisumbua nimwachie nafasi aandike. Nimemwachia.

Baba yako,
Sylvestre

*Baba, ni minye Noella. Babu amenipa hapa chini tu. Gari inalia tukikata kona, krrr, na inanuka mupira wa kuungua. Babu anasema ni wivu wa watu. Niko wa tatu mu darasa. Jino la mbele limetoka. Weye unakuja lini? Minye mutoto wako.*

*

Mpulungu, tarehe 11 Aprili 2023

Baba yangu,

Nakusalimu tena, natumaini barua hii inakukuta na afya.

Boti ilipofika nilikuwa gatini. Niliyaona matairi yakining'inia. Sikuandikii kukulaumu. Ni yako, umefanya ulivyopenda.

Lakini hicho kilio anachosema Noella ndicho nilichokuwa nakiogopa. Baba, nakuomba uegeshe gari, uingize mkono juu ya tairi la nyuma, upande unaotazama bodi. Ukigusa nyuzi, raba imekwisha kulika, na tairi hilo halina siku nyingi.

Kama hutaki kuyatoa, basi naomba jambo moja. Mpeleke Noella kwa bibi yake mzaa mama, mama Bénédicte, kule Lubarika. Akae naye mpaka nije. Nauli ya basi yenu wawili nimempa Ndikumana. Tafadhali muende na basi.

Umesema nipige magoti. Nikifika nitapiga, mbele ya yeyote unayetaka. Kwa sasa nayapiga hapa ninapoandika, na wenzangu wa kazi wananitazama.

Umwambie nimesoma habari ya jino, nimecheka sana.

Mwanao,
Aimé

*

Songo, tarehe 20 Mei 2023

Kwa Aimé,

Mimi sijapona vizuri, lakini nakaa. Mbavu tatu zimevunjika. Kuandika kunanichosha, kwa hiyo usitegemee mengi.

Gari imeharibika. Paa limebonyea na kioo cha mbele hakuna. Jante ya nyuma, upande wa kulia, imepasuka vipande viwili. Tatu zimebaki nzima, nimemwambia fundi azifungue aziweke ndani kabla vijana hawajaziiba.

Ulitaka mtoto apelekwe Lubarika. Nilimpeleka. Nauli yako nilimwachia Ndikumana anywee, maana sikuona kwa nini mtu mwenye gari abanane kwenye basi. Nilitaka ufike mwezi wa saba, bibi yake akuambie kwa mdomo wake kwamba Carina ya Sylvestre ilifika mpaka mlangoni kwake. Tulikuwa hatujafika Runingu tairi likapasuka. Gari ikaingia mtaroni, ikalala chali. Noella alikuwa kiti cha nyuma, upande huohuo.

Watu wa mashambani walitutoa. Alikuwa bado anasema. Aliniuliza, "Babu, tumefika?" Nikamwambia ndiyo, tumefika. Hakuuliza kingine.

Tulimzika Lubarika, kwenye shamba la bibi yake. Bénédicte alinifuata hospitalini, akasimama kando ya kitanda changu, akasema: "Mupigie Aimé simu, sasa hivi. Ni mutoto wake." Nikamjibu kwamba mkubwa wa familia hii ni mimi, na Aimé ataandikiwa kama kawaida.

Usije na kelele. Kama usingeandika ile barua, mtoto angekuwa shuleni leo. Ni wewe uliyemtoa nyumbani.

Baba yako,
Sylvestre

*

Mpulungu, tarehe 18 Juni 2023

Baba,

Niliyoona nikija huko wewe unayajua, lakini nataka uyasome kwa mwandiko wangu.

Nilianzia Lubarika. Mama Bénédicte alinionyesha mahali. Bado hapajaota hata jani. Akaniambia kwamba barabarani, mtoto akiwa amelazwa juu ya majani, uliwatuma vijana wawili wakalinde gari. Nilimwomba arudie. Akarudia.

Kesho yake nilikuja Songo. Ulikuwa umeketi barazani, umefungwa bendeji kifuani. Nilipiga magoti, baba. Majirani walikuwepo, wote waliona. Nilikuomba nguo zake tu, na daftari zake za shule.

Ukasema, "Sasa ndiyo unapiga magoti? Hakuna tena wa kuchukua."

Nikakuambia nataka nguo. Ukasema umezigawa. Halafu ukaniuliza kama huku Mpulungu naweza kupata jante moja inayofanana na zile tatu.

Mke wa jirani alilia. Mimi sikulia. Nilisimama, nikapangusa magoti, nikaenda Kalundu kungoja boti.

Ulipoandika kwamba mimi ndiye niliyemtoa nyumbani, niliamini. Nililala na lawama hiyo, niliamka nayo, nikawa siwezi kushika nyundo. Nilipokuona pale barazani ndipo iliponitoka. Nakushukuru kwa hilo. Ungenihurumia kidogo tu, ningeendelea kujilaumu mpaka nizikwe.

Usiniandikie tena.

Aimé

*

Songo, tarehe 3 Septemba 2023

Kwa Aimé mwanangu,

Natumaini uko mzima. Mimi mbavu zimeunga, ila nikikohoa nazisikia. Nyumba imekuwa kimya. Asubuhi bado naamka saa ya shule, navaa viatu, halafu nakaa.

Zile jante nimeziuza. Nilidhani ungependa kujua.

Ulisema una nyumba yenye chumba cha pili. Kama hakina mtu, ningeweza kuja kukaa kidogo, hewa ya huko inisaidie kifua. Nijibu kwa Ndikumana, anarudi wiki ijayo.

Baba yako,
Sylvestre

*

Songo, tarehe 1 Oktoba 2023

Aimé mwanangu,

Ndikumana amerudi. Nilimwuliza kama alikukosa. Akasema hapana, alikukuta kazini, akakupa barua mkononi. Anasema ulipangusa mikono, ukaisoma yote ukiwa umesimama, ukaikunja vizuri kama ilivyokuwa, ukamwambia, "Murudishie." Nikamwuliza ulikuwa na sura gani. Akasema sura ya kawaida, ya mtu aliye na kazi ya kumaliza.

Karatasi hii ni ileile. Geuza, utaona niliyoandika mwezi uliopita. Kwa upande huu nilitaka kuandika mengi, na nimeketi nayo tangu asubuhi. Naona bado nafasi ni kubwa.

Ndikumana anasema ataichukua mara hii tu.

Baba yako,
Sylvestre