Gia ya Nne Imekataa, Mama Ameenda na Gari la Njeru

Ijumaa, jioni. Manyunyu tangu asubuhi, mlima haujaonekana, na mimi nanuka oil ya gia boksi mpaka kwenye nyusi.

Nimekasirika. Nimeamua kuiandika hapa kwa sababu nyumbani hakuna anayetaka kunisikia.

Dada yangu Kagendo ameolewa Embu na amejifungua msichana wa pili. Huyo ndiye amepewa jina la Mama. Mama akapika uji, akaujaza kwenye kibuyu, akasema Ijumaa anaenda. Shemeji Njeru, mumewe, alijitolea kuja kumchukua, nikakataa mbele ya watu. Mtu aliyewahi kuteremsha lori la viazi kutoka Timau bila breki, kwa gia na maombi tu, asaidiwe na mtu wa Embu?

Lakini gari langu lilikuwa limekataa gia ya nne. Injini inalia kama mashine ya kusaga, mwendo ni wa ng'ombe, na ile taa ya njano ya O/D OFF kwenye dashibodi inapepesa. Nikajua mara moja ni solenoidi ya ovadraivu, kile kidude cha umeme kinachoruhusu oil isukume gia ya juu. Makanika wa Majengo alitaka aniuzie na aifunge yeye mwenyewe. Nikamwambia aniuzie tu.

Kuitafuta ndiyo kazi. Nilitafuta kando ya injini, nikatafuta juu ya gia boksi, nikafuata waya mmoja mpaka nikajikuta kwenye honi. Kumbe imejificha ndani, chini, juu ya sampu, lile bakuli la oil chini ya gia boksi. Nikamwaga oil, nikafungua sampu, nikakuta ziko mbili, zinafanana kama pacha. Nikazipima na mita, iliyokufa ikajulikana. Nikafunga mpya, nikajaza oil mpya. Hata wale wa kiwandani wangesimama kando wajifunze.

Leo asubuhi nikamweka Mama mbele, kibuyu kwenye magoti, tukajaribu barabarani kwanza.

Gia ya nne, hakuna.

"Murithi, hii taa ya njano inataka nini?" Mama akauliza.

"Mama, hizo ni taa za mafundi."

"Basi ambia fundi inawaka."

Nikarudi nyumbani na hasira zangu, nikamwaga oil yote kwenye karai lenye mchanga, nikafungua sampu tena. Solenoidi iko sawa kabisa. Nikalala pale chini nikiitazama.

Nikasikia mlango wa gari. Ni Njeru, mke wangu alikuwa amempigia. "Uji haungojei mwanaume amalize kiburi," mke wangu akaniambia, bila hata kuinama. Njeru akasema "Pole, shemeji," basi. Afadhali angenicheka. Kutoka chini ya gari nikaona viatu vya Mama, vile vya kanisa, vikipita kando ya gurudumu.

Mchana nikaingia ndani ya gari kutafuta kitambaa, nikawasha swichi. Ile taa ikawaka, lakini haikupepesa. Imetulia tu. Kupepesa ni ugonjwa. Kutulia ni kwamba kuna mtu amebonyeza kitufe pale kwenye mkono wa gia, akazima ovadraivu.

Huyo mtu ni mimi. Juzi, nilipochoshwa na kupepesa kwake, nilibonyeza kila kitu.

Nikabonyeza tena, taa ikazimika. Gari limepona, na gia boksi haina hata tone la oil.

Sasa hivi Mama amepiga simu. Mtoto amerithi paji lake la uso, anasema. Uji umefika. "Njeru anaendesha vizuri, lakini Meru mpaka Embu, hakuna hadithi hata moja. Uje unichukue Jumapili." Kisha akauliza, "Na ile taa?"

"Taa gani, Mama?"

Kesho naenda kununua oil. Cha kumwambia Jumapili, gia ya nne ikiingia laini na taa imezimika, bado sijakipata.

Lakini njia ni ndefu. Tukifika Chuka, katikati ya njia, kitakuwa kimepatikana.