Kumpeleka Mama Kirungu

Jumatatu, 5 Agosti

Asubuhi nimeshona, mchana nimeshona. Sare za wanafunzi zimerundikana. Wenyewe wanakuja kuchungulia mlangoni, mimi nawaambia kesho. Kazi yangu ya kweli iko chini ya shuka safi: kasula ya Emile, lile vazi la juu la padri. Nyeupe, nzito, yenye msalaba wa dhahabu kifuani. Limebaki pindo tu. Jumapili mdogo wangu anapewa upadri huko Kirungu, juu milimani Moba. Wa kwanza katika ukoo wetu.

Miguu ya Mama imevimba tena. Nimemkanda kwa maji ya chumvi. Hasimami bila kushikwa mikono yote miwili. Baba alishafariki, kwa hiyo mzazi wa kumtoa Emile mbele ya askofu ni yeye peke yake. Papa Furaha, mume wangu, anasema safari itamuua. Huenda yuko sahihi. Nimemuuliza Mama mwenyewe. Amenitazama kama nimemtukana.

"Miye njo nilimuzaa. Miye njo nitamutoa."

Basi. Maneno yamekwisha.

Jumanne, 6 Agosti

Ugomvi. Papa Furaha anataka lori, mimi nataka boti. Lori litamvunja Mama mifupa. Kwenye boti atalala. Lakini yeye anaogopa ziwa. Amekulia Nyunzu, hajui kuogelea, na Agosti upepo wa kusini hauna mchezo. Nimeshinda. Sikufurahia. Ametoka kwenda kutafuta nafasi bandarini bila kula.

Pindo limekwisha. Furaha, binti yetu mkubwa, ameivaa kasula mbele ya kioo na kuwabariki kuku. Nimemkaripia, halafu nimecheka mpaka machozi. Yeye atakuja nasi, wadogo watabaki kwa jirani. Nimefungasha. Rozari, sufuria, dawa za Mama, sindano na nyuzi. Bila sindano sijui kusafiri.

Jumatano, 7 Agosti

Hatukusafiri.

Alfajiri tulikuwa bandarini na mizigo yote, Mama juu ya mkeka. Kapiteni akasema mafuta bado. Halafu karatasi bado. Halafu upepo. Kila alipopita alikuwa na neno jipya.

Mama mmoja akakalia nusu ya mkeka wetu bila kuomba. Anaitwa Mama Rebeka, mchuuzi wa ndagala, mtu wa kanisa la uamsho. Magunia yake ya dagaa yananuka. Anasali kwa sauti ya kupasua masikio, anamkemea shetani wa mafuta, shetani wa karatasi. Nimeshika rozari nikashindwa kumaliza hata fungu moja. Simpendi.

Jioni tukarudi nyumbani. Kule bandarini Mama alishindwa kujizuia, nguo zikalowa mbele za watu. Alilia kwa aibu. Nimemfulia. Mungu, kama hutaki twende, si useme.

Alhamisi, 8 Agosti

Naandika nimekaa juu ya mchanga. Nguo zimelowa. Tuko hai. Wote.

Leo boti iliondoka. Mimi na Furaha tulimbeba Mama kumpandisha, Papa Furaha kageuza uso pembeni. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe, wala hamwangalii machoni. Halafu akashika ubao wa boti na hakuuachia. Mama Rebeka akaja na magunia yake, akakaa karibu yetu tena. Nikasema moyoni: bila shaka.

Asubuhi ziwa lilikuwa kama mafuta kwenye sahani. Baada ya saa sita upepo wa kusini ukaamka. Mawimbi yakaja na vichwa vyeupe. Motere, mashine ya boti, ikakohoa, ikanyamaza. Kapiteni akavuta kamba yake mpaka kiganja kikachubuka. Ikabaki kimya. Sijawahi kuchukia kimya namna ile. Boti ikageuka ubavu, maji yakaanza kuingia. Vijana wakayachota kwa ndoo na masufuria. Mimi nilimlilia Bikira Maria. Haikuwa sala, yalikuwa makelele tu.

Kapiteni akaamuru bashi lisimamishwe kama tanga, lile turubai la kufunika mizigo, ili upepo utusukume pwani. Lakini bashi lilikuwa limechanika katikati, tundu la kupita mtu mzima.

"Miye ni fundi wa kushona," nikasema. Sikujua nimesema mpaka nikaona watu wote wananitazama.

Wa kwanza kutoa kitambaa alikuwa Mama Rebeka. Alivua kitenge chake cha juu akanitupia. Vikaja na vingine. Nikashona nimepiga magoti ndani ya maji, na nikasikia mikono imenishika kiunoni nisianguke. Papa Furaha. Alikuwa ameuachia ubao.

Wakaliinua bashi. Vitenge vikapasuka palepale. Vilikuwa vimechakaa, vyepesi mno.

Kitambaa kigumu kilikuwa kimoja tu ndani ya boti ile. Nilijua kiko wapi: kwenye mfuko, chini ya kichwa cha Mama. Sitajidanganya hapa. Nilisubiri. Nilitumaini mtu mwingine atatoa kitu. Mama ndiye aliyeuvuta ule mfuko akanisukumia.

Nikaitoa kasula ya mdogo wangu. Nikaikunja mara mbili, nikaishona juu ya tundu, boti ikirukaruka, sindano ikinichoma vidole. Wakainua tena.

Ikashika.

Boti ikanyoosha kichwa. Watu wakapiga vigelegele, wakaimba, Wakatoliki na wa uamsho, kila upande wimbo wake, hakuna aliyejali. Upepo ulitusukuma kaskazini, nyuma tulikotoka, lakini ulitusukuma pia pwani. Jua lilikuwa bado juu ya vilima tulipogusa mchanga. Papa Furaha alishuka, akatapika, akapiga magoti, akamshukuru Mungu kwa sauti ya juu. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumsikia akisali kwa sauti.

Ijumaa, 9 Agosti

Kijiji cha wavuvi. Katekista wao ametuachia nyumba yake. Tumekula ugali na samaki. Watu wema.

Lakini leo nimekasirika. Motere imekufa kabisa. Hakuna barabara ya gari hapa. Simu yangu ilizama, na hata aliye na simu hapati rezo, mtandao hakuna. Emile hajui tuko wapi. Kasula nimeifua: matope yametoka, mafuta yamebaki, na imechanika begani. Kazi ya miezi. Jana nilimshukuru Mungu, leo namuuliza: ulitutoa majini ili tukae hapa tuangalie ziwa? Keshokutwa ni Jumapili.

Mama Rebeka alikuja kumkanda Mama miguu kwa mawese. Sikumwomba. Alikuwa anamsimulia habari ya mtume Paulo na dhoruba yake, jinsi merikebu ilivyovunjika na watu wakafika nchi kavu juu ya mbao. Mama akamkatiza.

"Lakini alifika kule alikuwa anaenda?"

"Alifika, Mama. Merikebu ilibaki, yeye alifika."

Nikatoka nje nikalia nyuma ya nyumba. Sala zangu zote tangu Jumatatu zilikuwa za vitu: nguo isichafuke, boti isichelewe, tusiaibike. Mungu hakunipa hata kimoja. Alinipa watu wote wa boti ile, wazima. Na mimi nimenuna kwa sababu ya kitambaa.

Nikasali tena. Safari hii nimeomba mtumbwi. Sikuongeza neno.

Jumamosi, 10 Agosti

Mtumbwi upo! Wavuvi wawili wanaenda Moba, wana motere ndogo. Walikuwa wameshakubaliana na Mama Rebeka kumbeba yeye na magunia yake. Kwetu sisi, nafasi hakuna. Nikageuka kwenda kumwambia Mama. Sikujua nitaanzaje.

Nyuma yangu nikasikia magunia yanaanguka mchangani. Mama Rebeka alikuwa anayatoa, moja moja. Amemwachia katekista biashara yake yote.

"Ndagala itangojea," akasema. "Askofu hatangojea."

Majini nikamwambia ukweli. Nilimwambia kule bandarini nilimchukia. Alicheka mpaka mtumbwi ukayumba.

"Nilijua, dada. Uso yako ilikuwa inasema."

Tumefika bandari ya Moba jioni, tumelowa, midomo inatetemeka. Kupanda Kirungu sasa haiwezekani na Mama. Dada yake Mama Rebeka ametupokea. Nyumba ya walokole, na mimi nimesalia rozari yangu sebuleni kwao. Wamenyamaza wote mpaka nilipomaliza. Halafu wakasali wao. Kwa sauti, kama kawaida. Nimesema amina kila mara.

Jumapili, 11 Agosti

Nitaandika yote, hata mkono ukichoka.

Asubuhi tulimwacha Mama Rebeka kwa dada yake, tukapanda pikipiki mbili. Mama katikati, dereva mbele, mimi nyuma, nimemfunga mgongoni kwa dereva na kitenge. Papa Furaha na binti yetu kwenye ya pili. Njia ya kupanda ni mawe na vumbi. Katikati ya mpando mnyororo wa pikipiki yetu ukakatika. Ile ya pili ilikuwa tayari inatoa moshi. Dereva wake akasema haitapanda tena na mtu yeyote. Hakuna pikipiki nyingine iliyopita. Wenye pikipiki walikuwa wamekwisha kufika huko juu. Tukasikia kengele ya kanisa.

Mimi na Furaha tukambeba Mama hatua chache. Tukashindwa. Tukajaribu tena. Mama akasema, "Muniache hapa. Mwende mumuone." Alisema kwa upole, na hiyo ndiyo iliyoniua. Sikuwa na sala iliyobaki. Nilikaa chini kwenye vumbi na nguo yangu ya sikukuu.

Papa Furaha akavua koti. Akaja mbele ya Mama, akachuchumaa, akampa mgongo.

"Mama, panda."

Mkwe! Mama akafunika uso na kitenge. "Papa Furaha, ni mwiko."

"Nitaomba radhi kwa wazee kesho. Leo panda."

Mama akapanda.

Naapa sijawahi kumpenda mume wangu kama leo. Jasho lilimtiririka, hakusimama. Tulikutana na waumini waliochelewa kama sisi. Mwanzoni walishangaa, wazee wawili wakaangalia pembeni. Halafu mama mmoja akauliza huyu nani anabebwa, na Furaha akajibu kwa sauti: "Ni mama ya padri!" Mama yule akapiga kigelegele. Kuanzia hapo hatukupanda peke yetu. Waliimba, waliondoa mawe mbele ya miguu ya Papa Furaha, walimpepea. Tukafika Kirungu kama maandamano.

Kanisa lilijaa hadi nje. Misa ilikuwa imekwisha anza. Kwenye mlango tukasikia sauti ya askofu ikiuliza mzazi wa Emile yuko wapi. Nikamwona mdogo wangu mbele, amevaa nyeupe, peke yake, kichwa chini. Shangazi, dada wa marehemu Baba, alikuwa anainuka polepole kwenye benchi ili ashike nafasi ya Mama.

"Niko hapa!"

Sauti ile! Miezi hii yote Mama ananong'ona. "Niko hapa! Munipishe!"

Watu wakageuka. Wakapasuka pande mbili. Papa Furaha akapita katikati na mama mkwe wake mgongoni, viatu vimejaa vumbi, na kanisa zima likasimama. Vigelegele, ngoma, wanawake wanatandika vitenge chini apite juu yavyo. Emile akafunika uso kwa mikono, mabega yanatikisika. Askofu akashuka ngazi kutukuta.

Tukamsimamisha Mama, mimi kulia, Furaha kushoto. Akamshika Emile mkono, akauweka ndani ya mkono wa askofu.

"Monseniere, nilimuzaa, nilimulea. Leo ninamupatia Mungu. Umutunze."

Zaidi ya hapo sikumbuki vizuri. Nakumbuka Emile amelala kifudifudi chini na watakatifu wote wanaitwa. Nakumbuka wamemvika kasula ya parokia, ya zamani, ndefu, inaburuta. Nilitafuta moyoni mwangu huzuni ya ile yangu. Sikuikuta. Nilikuwa nacheza.

Baada ya misa wale wazee wawili walimfuata Papa Furaha. Nikaogopa. Wakamshika mkono, mzee mmoja baada ya mwingine, kwa mikono miwili ya heshima.

Tulimwomba Mungu njia ya kufika, akatupitisha kwenye dhoruba, kwenye mtumbwi wa watu, kwenye mgongo wa mume wangu. Tumefika! Asifiwe. Asifiwe sana.

Jumatatu, 12 Agosti

Baridi ya Kirungu. Tumelala kwa wajomba wa hapa. Ukungu umekaa juu ya mashamba ya maharagwe, bado haujanyanyuka.

Emile alikuja mapema. Padri Emile, lazima nizoee. Alileta kuni, akawasha moto, akapika uji mwenyewe kama alivyokuwa anafanya akiwa mdogo, una madonge vilevile. Mama alikunywa kikombe kizima. Kisha akainamisha kichwa, na mtoto wake akaweka mikono juu yake.

Sasa amelala. Miguu imepungua kidogo, au natamani iwe hivyo. Nje nasikia wajomba wanamfundisha Papa Furaha kuchoma viazi, na yeye anawabishia.

Nimekaa karibu na moto. Sina kazi mikononi.