Ukurasa wa Wanawake wa Wyandot

Takoma Park, Novemba 1998

Mwalimu,

Mwaka umekwisha tangu tukuzike, na bado saa kumi jioni ikifika najikuta nachonga penseli. Sasa namhudumia mama mmoja kule Sterling. Ni mpole, lakini haniulizi kitu. Wewe, nilipokuwa nakuhudumia, uliniuliza mpaka nikachoka: bibi yangu alizikwa wapi kule Machakos, nani anamkumbuka. Kisha unarudi kwa Wawyandot wako, wenyeji wa asili wa Marekani, wale wa mwisho kuhamishwa kutoka Ohio, jirani na mji mdogo ulikozaliwa. Nikisema wameisha, unanikaripia kwa Kiswahili chako cha darasani: "Hawakwisha, Dada Ndinda. Waliondolewa. Andika hivyo."

Nikaandika. Macho yako yalipoingia giza, mkono ulioandika madaftarini ulikuwa wangu.

Jumamosi mpwa wako Denise alitualika Columbia, kuonyesha kijitabu alichochapisha kutoka kwenye madaftari yako. Aliwaambia watu kwamba kila neno uliliandika mwenyewe. Ama hakuona mwandiko ulivyobadilika katikati, ama aliona. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na keki. Punda afe, mzigo ufike. Haya, mzigo ulifika na punda hakutajwa. Roho iliniuma. Nilimwonea wivu Denise, nikawaonea wivu hata Wawyandot wenyewe, maana wao wamepata wa kuwakumbuka. Rafiki yangu Mwende aliniambia garini, "Wachana nao, hiyo ilikuwa job tu." Haikuwa job tu, Mwalimu.

Sasa nikuambie baya langu. Siku Denise alipokuja kuchukua madaftari, nilikuwa nimeshachana na kuficha ukurasa mmoja, ule wa wanawake walioondoka na kundi la mwisho. Ulinitajia majina polepole, nami nikayaandika. Nilitaka nibaki na kitu chetu wawili.

Jumamosi nilifungua kijitabu. Wanaume wapo. Wanawake hawapo. Wameondolewa mara ya pili, na safari hii ni mimi niliyewaondoa.

Leo nimewasoma wote kwa sauti hapa jikoni, ulivyonifundisha kuwatamka. Kesho kabla ya kupanda basi nitapita posta nimtumie Denise ukurasa wake. Nakuahidi. Jina langu sitaliweka popote. Mkono unaniwasha, lakini sitaliweka.

Pumzika, Mwalimu wangu.

Ndinda