Stika ya Brenda

Ruth, nimefanya ujinga jamani.

Unakumbuka Jumapili Brenda alivyoanguka kwenye tope na mkungu wa ndizi wa mnada wa kanisani? Ile stika ya uso wake inayozunguka kwenye simu niliitengeneza mimi. MIMI.

Nilidhani itaishia kwenye grupu la kwaya. Zamani shuleni ukichekwa, ukifika nyumbani unapumua. Hii imemfuata hadi jikoni kwao! Shangazi yake wa Usa River ndiye kamtumia mama yake, eti wacheke wote.

Sasa hivi Brenda katoka hapa kwetu, macho yamevimba. Kwaya kaacha. Ananiambia, "Wewe unajua mambo ya simu, nisaidie kumpata aliyeitengeneza. Nakuamini wewe tu."

Eti nakuamini wewe tu!

Unajua nilimjibu nini?

Nilimkumbatia, nikamwambia, "Usilie, tutampata."